Bodi Mbili za Mwaka 1954: Jinja, Mbale na Swali la Nani Huivunja

Katika somo la tafsiri kuna maneno ambayo mwanafunzi huyapita mbio akidhani hayana taabu. Neno bodi ni mojawapo. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili kanuni za shule ya sekondari, katiba ya chama cha ushirika na taarifa ya mwaka ya kampuni, naye ataandika bodi mahali pamoja, halmashauri mahali pengine, na baraza au kamati mahali pa tatu, kadiri kalamu inavyomtuma. Kisarufi hana kosa. Lakini msomaji wa tafsiri yake hatajua jambo lililo muhimu kuliko yote: je, watu hao walioketi mezani wanatawala au wanashauri tu? Na wakiharibu kazi, nani mwenye uwezo wa kuwaondoa?

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, tukichukua mifano kutoka miji miwili ya mashariki ya Uganda. Tumeichagua Jinja na Mbale si kwa sababu ya ujirani pekee, bali kwa kuwa mwaka 1954 kila mmoja ulipata jambo kubwa lililosimamiwa na bodi ya aina yake: moja iliyoteuliwa kutoka juu na nyingine iliyochaguliwa kutoka chini. Bodi hizo zimepita njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo inatufundisha mengi kuliko kamusi.

Tuanze na maneno yenyewe. Baraza asili yake ni mahali pa kuketi nje ya nyumba, wageni wakapokewa na mashauri yakasemwa. Ndani ya halmashauri limo neno shauri, waziwazi kabisa. Kamati na bodi tumezipokea kutoka Kiingereza pamoja na meza zake, ajenda zake na chai ya saa nne. Mtu angetarajia basi kwamba halmashauri ishauri na bodi iamue. Sivyo ilivyo. Halmashauri ya Wilaya nchini Tanzania hutunga sheria ndogo na kutoza ushuru, haishauri mtu. Baraza la Mawaziri linaendesha nchi, ilhali baraza la wazee wa mtaa likisema, aliyeambiwa anaweza kuitikia kwa adabu na kwenda zake. Kule Busoga neno olukiiko hutumika kwa mkutano mkubwa wa ufalme na pia kwa kikao kidogo cha kijiji. Kwa hiyo jina si ushahidi. Inatubidi tutazame nani huteua, nani hulipa na nani huvunja.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Mwenye bwawa hilo alikuwa Bodi ya Umeme ya Uganda, maarufu kwa herufi za UEB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1947 na kuanza kazi mwaka 1948. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Sir Charles Westlake, mhandisi ambaye awali aliletwa kuchunguza mahitaji ya umeme ya Uganda akapendekeza bwawa lijengwe. Yaani mshauri aligeuka mtawala, na ushauri aliokuwa ameutoa mwenyewe akapewa fedha na mamlaka ya kuutekeleza. Jambo hilo si haramu, lakini linaonyesha jinsi mpaka kati ya kushauri na kuongoza ulivyokuwa mwembamba tangu mwanzo.

UEB ilikuwa chombo cha aina ambayo Waingereza waliipenda sana baada ya Vita Kuu ya Pili: si idara ya serikali na si kampuni ya mtu binafsi. Kisheria ilikuwa nafsi kamili. Iliweza kukopa, kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Wajumbe wake waliteuliwa na serikali, wakati wa Gavana na hata baada ya uhuru, na mkazi wa Jinja hakuwa na kura yoyote humo. Hata hivyo mji mzima uliishi kwa kivuli chake. Kiwanda cha nguo cha NYTIL na kile cha kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe vilikuja Jinja kwa sababu ya umeme huo.

Tena kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuketi katika bodi lakini neno lake lilihesabika. Kwa mapatano ya Uingereza na Misri, mhandisi wa Misri aliwekwa Jinja kuangalia kiasi cha maji kinachopita bwawani, kwa kuwa Misri iliyategemea maji hayo kwa uhai wake. Bodi ingeweza kuamua mengi kuhusu nyaya, bei na mishahara, lakini haikuwa huru kuyafungulia maji au kuyazuia ipendavyo. Tunaposema bodi ni chombo cha juu kabisa cha shirika, inafaa kumkumbuka mhandisi huyu. Mara nyingi juu ya chombo cha juu kabisa kuna mkataba uliotiwa saini mahali pengine na watu wengine.

UEB ilidumu zaidi ya nusu karne, ikapita katika uhuru, udikteta na vita. Haikuuawa na bunduki wala na ukosefu wa vipuri, bali na sheria. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 iliamuru ugawaji, na mwaka 2001 zikazaliwa kampuni tatu za serikali: moja ya kuzalisha umeme, moja ya kuusafirisha na moja ya kuusambaza, pamoja na mamlaka ya kudhibiti sekta nzima. Kisha mitambo ya Jinja, Nalubaale na Kiira, ikakodishwa kwa Eskom Uganda kwa miaka 20 tangu 2003, na usambazaji ukakodishwa kwa Umeme kuanzia mwaka 2005. Palipokuwa na bodi moja pakawa na bodi nyingi, na kila moja ikawa na bwana wake. Bodi ya kampuni ya serikali humtazama waziri. Bodi ya Umeme, baada ya hisa zake kuuzwa sokoni mwaka 2012, iliwatazama wenye hisa. Bodi ya mdhibiti inatakiwa itazame sheria. Mwananchi wa Walukuba ambaye taa zake zimezimika huona nguzo moja tu ya umeme, wala hajui alalamike kwa nani kati ya hao wote. Mikataba hiyo miwili imekwisha sasa, wa Eskom tarehe 31 Machi 2023 na wa Umeme tarehe 31 Machi 2025, na kazi zimerudi mikononi mwa kampuni za serikali. Bodi ya zamani lakini haikufufuka.

Sasa tushike barabara ya Tirinyi twende Mbale.

Mwaka uleule wa 1954 ambapo Malkia alisimama Jinja, wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaaba, walipata chama kikuu chao cha ushirika: Bugisu Co-operative Union, au BCU. Kahawa ya arabika ilikuwa imelimwa huko tangu miaka ya 1910. Kabla ya BCU, ununuzi na ukoboaji wake ulikuwa chini ya mpango uliosimamiwa na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mkulima alileta kahawa, akapewa bei, akaenda nyumbani. Katika meza iliyopanga bei hiyo hakuwa na kiti.

Muundo wa BCU ulikuwa kinyume cha ule wa UEB. Mkulima alijiunga na chama cha msingi cha eneo lake. Vyama vya msingi vilipeleka wajumbe katika mkutano mkuu, na mkutano mkuu ukachagua kamati ya uongozi, ambayo siku hizi huitwa bodi. Kamati iliajiri meneja na watumishi. Mamlaka yalipanda kutoka shambani hadi ofisini mjini, angalau kwa maandishi. Tunasema kwa maandishi kwa sababu ushirika wa kikoloni ulizaliwa na kamba kiunoni. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1946 ilimweka msajili wa serikali juu ya vyama vyote, mwenye haki ya kukagua hesabu na kuamuru uchunguzi.

Kamba hiyo ilivutwa mapema. Mwaka 1958, baada ya tume kuchunguza mambo ya BCU, serikali iliisimamisha kamati iliyochaguliwa na kuweka msimamizi wake. Maofisa walisema fedha za wakulima zilikuwa zikiendeshwa vibaya. Viongozi wa chama walisema serikali haikuweza kuvumilia kuona Wagisu wakijiamulia juu ya kahawa yao. Kwa maoni yetu kauli hizi mbili hazipingani. Hesabu zinaweza kuwa mbovu kweli, na mwenye kuzikagua akawa na hamu yake mwenyewe. Uhuru ulipokuja, wengi walidhani mchezo huo umekwisha. Haukwisha. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uganda huru nayo iliingilia uongozi wa BCU, na sheria ya ushirika ya mwaka 1970 ikaongeza nguvu za waziri juu ya vyama. Sheria ya mwaka 1991 ililegeza mshiko huo na kuwarudishia wanachama madaraka mengi, lakini msajili alibaki na haki ya kuchunguza. Na katika miaka ya 2010, wakati mwenyekiti wa BCU alikuwa pia mbunge wa upinzani, mgogoro kati ya serikali na bodi ukafika tena hadi mahakamani.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa serikali ilikuwa na uwezo wa kuisimamisha bodi kila ilipotaka, kwa nini haikuifuta kabisa? Mtafiti Stephen Bunker, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Bugisu kilichochapishwa mwaka 1987, alitoa jibu ambalo tunaliona zito. Serikali ilihitaji kahawa. Mkulima wa Bugisu hakuhitaji serikali kwa kiasi hicho, kwa kuwa shambani mwake, kando ya mibuni, kulikuwa na migomba na maharage. Angeweza kuiacha mibuni bila kupaliliwa, angeweza kuchelewesha mavuno, angeweza kuvuka mpaka. Viongozi wa chama walijua hivyo, wakautumia uwezekano huo kama silaha katika mazungumzo na serikali. Lakini silaha hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Kiongozi aliyejikomba mno serikalini alipoteza imani ya wakulima, na aliyewapendeza mno wakulima aliletewa wachunguzi. Mjumbe wa bodi ya namna hii huishi kama daraja: hukanyagwa na wanaotoka huku na wanaotoka kule.

Uwezo huo wa mkulima haukuwa nadharia. Baridi kali ilipoiharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda vibaya mno. Serikali ya Idi Amin ilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei hiyo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Ndipo kikapata umaarufu kisoko cha Chepkube, upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Mnamo mwaka 1976 na 1977 kahawa ilivushwa usiku kwa mabega, kwa punda na kwa magari, na watu wa Chepkube na Bungoma wanakisimulia kisa hicho mpaka leo. Kule Kampala kulikuwa na Bodi ya Uuzaji wa Kahawa, yenye haki ya pekee kisheria ya kuuza kahawa ya nchi nje. Haki hiyo haikuweza kupanda mlima gizani. Neno magendo, ambalo Waganda wengi wa rika hilo walilijua hata kama hawakujua neno lingine lolote la Kiswahili, lilikuwa jibu la mkulima kwa bodi ambayo hakuichagua wala hakuweza kuiondoa.

Bodi hiyo ya Kampala ilipoteza haki yake ya pekee mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1991 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza kahawa, UCDA. Nayo, baada ya mjadala uliofikia hatua ya wabunge kukunjana mashati ndani ya Bunge mwezi Novemba 2024, ilivunjwa kwa sheria na kazi zake kupelekwa katika Wizara ya Kilimo. Hapa tofauti tuliyoitaja mwanzoni inaonekana wazi. UEB, Bodi ya Uuzaji wa Kahawa na UCDA zote zilizaliwa kwa sheria ya dola, na hatima yao iliandikwa na kalamu ileile. BCU ilisajiliwa na dola lakini haikuzaliwa nayo, ina wanachama. Imesimamishwa, imeshtakiwa, imekaa katika madeni, wapinzani wa biashara wamejaa Mbale, na ingalipo. Hatusemi kwamba imekuwa na uongozi mzuri miaka yote hiyo. Wazee wa Bugisu wenyewe wangetucheka.

Kuna aina nyingine ya bodi ambayo Jinja inaijua zaidi ya mji mwingine wowote wa mashariki. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Jinja, mji wa maduka na viwanda vya Waasia, ulibaki na majumba matupu mtaa baada ya mtaa, na kiwanda cha sukari cha Kakira cha ukoo wa Madhvani, kilichofunguliwa mwaka 1930, kikachukuliwa. Mwaka 1973 iliundwa bodi ya kuhifadhi mali za Waasia walioondoka. Wajumbe wake walikuwa mawaziri. Kisheria mdhamini wa mali anatakiwa aitunze kwa faida ya mwenyewe. Hapa mwenyewe alikuwa amefukuzwa na haohao waliojiweka kuwa wadhamini. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa mali, ukoo wa Madhvani ukarudi Kakira mwaka 1985, na wengine wakafuata hasa katika miaka ya 1990. Bodi yenyewe iliendelea kuwepo, na Bunge limelazimika kuichunguza hata baada ya mwaka 2010. Kufa kwa bodi, kumbe, si jambo jepesi panapokuwa na majumba ndani yake.

Kuhusu shule tutasema machache, maana wasomaji wetu wengi wanaketi katika vikao hivyo wenyewe. Nabumali, karibu na Mbale, na Mwiri, karibu na Jinja, ni shule zilizoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana, ya kwanza mwaka 1900 na ya pili mwaka 1911. Sheria ya Elimu ya mwaka 1963 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, lakini haikulifuta kanisa: shirika lililoasisi shule lilibaki na viti katika bodi ya magavana, na hali hiyo imeendelea katika sheria ya mwaka 2008. Kwa hiyo mwalimu mkuu ana mabwana watatu, yaani wizara inayomhamisha, kanisa linalopendekeza wajumbe, na wazazi. Hawa wa tatu ndio waliokuwa na nguvu kweli katika miaka ya 1980, mishahara ya serikali ilipokuwa haitoshi hata sabuni, na michango ya Chama cha Wazazi na Walimu ikawa ndiyo inayombakiza mwalimu darasani. Bodi ilikuwa na muhuri. Wazazi walikuwa na fedha. Mwalimu yeyote wa enzi hizo atakwambia mkutano upi ulijaa watu.

Tumekusudia kumalizia na chombo kinachotuhusu sisi wa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Ilikuwa na kazi ya kusanifisha maandishi, kupitia vitabu na kutunga kamusi, na kamusi zake za mwaka 1939 ziliongoza ualimu wetu kwa miongo mingi. Wajumbe wake wa mwanzo wote walikuwa Wazungu. Wenye lugha walialikwa baadaye sana. Lakini kasoro iliyoiumiza Uganda ilikuwa nyingine. Kamati iliweza kusema neno gani ni sanifu na kitabu gani kinafaa. Haikuweza kuiambia serikali yoyote ifundishe Kiswahili. Hilo lilibaki kwa wakurugenzi wa elimu na magavana, na kwa Uganda lilibanwa pia na upinzani wa Buganda, ambao Kabaka Daudi Chwa aliuweka kwa maandishi mwaka 1929.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1952. Mwaka huo makao ya Kamati yalihamishiwa Makerere, Kampala, chini ya W. H. Whiteley. Mwaka huohuo Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa katika shule za Uganda. Kamati yenye mamlaka ya lugha iliketi katika nchi ambayo ilikuwa imeifungia lugha hiyo mlango wa darasa, ikaendelea kuchapisha jarida lake na kufanya vikao vyake kwa utaratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilihamia Mombasa, na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Haikuacha nyuma Uganda chombo chochote cha kuitetea lugha.

Mwezi Septemba 2019 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, miaka 14 baada ya Katiba kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 likaamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Walimu wanaofundisha Jinja na Mbale wanauliza zaidi habari za vitabu na ajira, na wana haki. Sisi tunawaomba wanafunzi wa tafsiri watazame pia maandishi yanayoyaunda mabaraza ya namna hii, ya kwetu na ya majirani, na wapige mstari wa rangi moja chini ya kila kitenzi kushauri na wa rangi nyingine chini ya kila kitenzi kuamua. Kisha watafute kifungu cha uteuzi wa wajumbe na kile cha fedha. Zoezi hilo linaweza kufanyika katika kipindi kimoja, na nakala za katiba ya chama chochote cha msingi cha kahawa zinafaa kwa kulinganisha.